Mgeni Wetu na Mgeni Wao

Mimi ni mtu wa bara, na kazi iliyonileta Lamu ni kufundisha Kiswahili. Cheka tu. Mimi mwenyewe nilicheka nilipoambiwa naletwa huku, maana ni kama kuwapelekea watu wa Pate samaki. Wanafunzi wangu walinivumilia kwa adabu kubwa mwaka wa kwanza, wakinisahihisha kimoyomoyo. Aliyenisahihisha kwa sauti alikuwa mmoja tu, mwalimu wa dini ya Kiislamu, mama wa makamo kutoka Pate. Nilimwita Bi Mwalimu, naye akaniita Mwalimu wa Bara. Tulinunua chupa moja ya chai tukaiweka kati ya meza zetu mbili. Yeye alileta mahamri, mimi nilileta mdomo.

Tulibishana miaka na miaka. Kama tangawizi inaharibu chai. Kama kuku wa kienyeji anapikwa kwa nazi au anadhulumiwa kwa nazi. Kama punda wa Lamu ni mpumbavu au anajifanya tu ili asibebeshwe saruji. Sijawahi kuolewa, lakini nadhani ndoa nzuri zinafanana na ile chupa ya chai.

Kisha vita vya Gaza vikaanza, na chupa ikavunjika. Si kwa maana ya kioo, ingawa siku tuliyogombana mbele ya walimu wote hata kioo kilipona kwa bahati. Kanisani kwetu, Israeli ni nchi ya Biblia. Mtu anaijua Yordani kabla hajaujua Mto Tana. Nilikuwa na kibendera chake mezani, kile mchungaji alichotugawia. Bi Mwalimu akaanza kuvaa begani skafu ya Kipalestina, ile yenye mirabaraba myeusi na myeupe. Yeye aliwalilia watoto wa Gaza waliofukiwa chini ya vifusi. Mimi niliwalilia watu waliouawa majumbani mwao na wale waliochukuliwa mateka. Kila mmoja alikuwa na haki ya kulia, ila tulilia kwa kupigiana kelele, kila mmoja akimdai mwenzake machozi kwanza. Tukanuniana. Miezi ikapita.

Wakubwa wakinuniana, wadogo hawakosi kuiga. Walimu wa bara wakahamishia meza upande wangu, walimu wa Lamu na Pate wakahamia upande wake, na siku moja tukakuta kabati kubwa la chuma la vitabu limesukumwa katikati ya chumba. Hakuna aliyekiri kulisukuma. Chai ikawa mbili, sukari mbili, mfagio mmoja uliogombaniwa. Kiumbe pekee aliyevuka mpaka bila kuulizwa alikuwa paka wa shule, mnafiki mkubwa, aliyekunywa maziwa huku na kula vichwa vya samaki kule.

Hapo ndipo habari ikaja kwamba Bi Mwalimu amehamishiwa Kiunga. Angeondoka Jumatatu. Kiunga si Wiyoni, mtaani kwangu, ambako unafika kwa miguu ukikung'uta mchanga viatuni. Ni kaskazini kabisa, unakaribia kuishiwa na Kenya. Nilijua kwamba akienda kule tukiwa hatusemezani, basi tumekwisha. Tutakutana siku moja kwenye mazishi ya mtu na kuulizana hali kama watu wa ofisi. Nilijua hilo nikalala nalo na kuamka nalo, na mdomo wangu, ambao haujapata kukosa kazi tangu nizaliwe, ukagoma.

Wiki hiyohiyo mkuu wetu wa shule alikutana na wageni wawili kwenye boti kutoka Mokowe. Wanawake wawili, mmoja Mwisraeli, mmoja Mpalestina, wamekuja pamoja kupumzika. Kazi yao ya kujitolea huko kwao ilikuwa kusafirisha wagonjwa: Mpalestina anawafikisha watoto kwenye kizuizi cha jeshi upande wake, Mwisraeli na wenzake wanawapokea ng'ambo na kuwapeleka hospitali kwa magari yao wenyewe. Mkuu wetu ni mtu mwema mwenye hofu ya kudumu. Aliwaalika shuleni Ijumaa baada ya swala, kisha akakumbuka kabati, jasho likamtoka. Akatuita.

"Nyinyi," akatuambia sisi wa bara, "mpokeeni mgeni wenu. Na nyinyi," akawaambia wa kule, "mpokeeni mgeni wenu. Siasa sitaki. Mtu asinitie aibu."

Kisha, siku yenyewe, akaitwa kwenye mkutano Mokowe. Na yeye ndiye mtu pekee aliyewajua kwa sura.

Sasa nieleze jinsi watu wenye shahada wanavyoweza kukosa akili. Boti iliyowaleta kutoka hotelini kwao ilipofika gatini walishuka wanawake wawili. Wa kwanza alikuwa mweupe kidogo, nywele wazi, suruali ya jinzi, na msalaba wa mti shingoni. Wa pili alikuwa maji ya kunde kama Mhadhrami, sketi ndefu hadi kwenye kifundo, mikono mirefu, na kichwa chote amekifunga kitambaa, hakuna unywele hata mmoja unaochungulia. Swali la nini tena? Sisi wa bara tulimrukia mwenye msalaba, wao wakamkumbatia mwenye kitambaa, na misafara miwili ikapanda kuelekea shuleni, mmoja ukiimba pambio na mwingine ukirusha asumini.

Upande wetu tulikuwa na chapati, ndengu, kuku, na kwaya. Kabla ya chakula tukamwombea mgeni, maana kwetu mgeni asiyeombewa hajakaribishwa. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha darasani, "Dada, watu wako tunawaombea kila Jumapili."

Akaacha kutafuna. "Watu wangu? Kweli?"

"Kila Jumapili! Hatukosi!"

"Sikujua kuna mtu anatuombea," akasema, na macho yakamlenga machozi. Tukaguswa mno. Mwalimu wa hesabu akamwuliza amezaliwa mji gani.

"Bethlehemu," akasema.

Basi, umewahi kuona watu wazima wakipoteza fahamu? Mwalimu wa hesabu alipiga kigelegele, yeye mwanamume. Mwanamke aliyezaliwa Bethlehemu anakula ndengu zetu! Kwamba Bethlehemu iko upande wa Wapalestina, na kwamba wamo Wapalestina wanaomjua Yesu tangu mababu wa mababu zao, halikumpitia mtu kichwani. Tungelijuaje? Sisi Bethlehemu yetu ina kondoo na nyota tu. Kwaya ikaanza upya.

Ng'ambo ya kabati kulikuwa na sherehe ya kwao. Kulifukizwa udi mpaka paka akapiga chafya. Kulikuwa na wali wa nazi, samaki wa kupaka, kaimati, na sharubati ya ukwaju. Watu wa Pate wana mila yao: mgeni haulizwi atokako mpaka ale, anawe, na anywe kahawa, kwa sababu ukimwuliza kabla atadhani unampimia sahani kulingana na jibu. Kwa hiyo kila mgeni wao alipofungua kinywa kueleza jambo, Bi Mwalimu alikijaza.

"Kula kwanda, mwanangu. Maneno hayaozi."

Nilikuwa namsikia. Kabati la chuma halizuii sauti ya Bi Mwalimu. Nilimsikia mgeni akijitahidi kwa Kiarabu cha kubabaisha, akisema udi huu ni wa bibi yake, aliyekuwa akifukiza vivyo hivyo kila Ijumaa kabla jua halijatua.

"Bibi yako wa wapi?"

"Alitoka Yemeni."

Zogo likazuka. Nusu ya walimu wa upande ule wana babu aliyetoka Yemeni, au wanadai hivyo wakati wa harusi. Wakamwita dada. Wakampaka hina mkono wa kushoto ili wa kulia uendelee kula.

Ila nikaona jambo moja la ajabu. Mgeni wetu alikuwa akitazama simu chini ya meza, kisha anabana midomo na mabega yanamtikisika. Nikadhani ni Roho. Na kila alipotikisika, baada ya muda mfupi sauti ya mtu akipaliwa na ukwaju ilitoka ng'ambo.

Ukafika wakati wa zawadi. Nilikuwa nimechaguliwa kusema. Nikasimama na kile kibendera cha mezani kwangu, nikakishika kwa mikono miwili, nikasema pokea bendera hii ya taifa lako, kutoka kwetu tunaolipenda. Wakati huohuo, ng'ambo, nikamsikia Bi Mwalimu akisema kwa sauti iliyokatika kidogo, "Na hii skafu nalikuwa nimejivalia mimi kwa ajili yenu. Ichukuwe we."

Mgeni wetu akapokea bendera. Akaitazama. Akapanda juu ya kiti, akachungulia juu ya kabati, akaita, "Mzigo wako umefika!"

Kichwa chenye kitambaa kikatokea ng'ambo, na mkono wenye hina mbichi ukiinua skafu. "Na wako huu hapa!"

Wakabadilishana juu ya kabati. Kisha wakacheka, na sijapata kuona watu wakicheka namna ile. Yule wa Bethlehemu alishuka kwenye kiti kwa makalio. Mwenzake aliegemea kabati mpaka likalia kama ngoma. Wakati huo mkuu wa shule akaingia akihema, ametoka botini mbio, akaona msalaba umezungukwa na kwaya na kitambaa kimezungukwa na udi.

"Mbona mmewabadilisha?" akauliza kwa unyonge.

Mwalimu wa hesabu akakaa chini. Upande wa pili nikamsikia Bi Mwalimu akisema polepole, "Myahudi nimempaka hina?" Na yeye mwenyewe akaanza kucheka, kile kicheko chake cha puani nilichokuwa sijakisikia tangu vita vianze. Nilikuwa nakikosa kicheko kile kuliko nilivyokuwa tayari kukubali.

Wageni wakatuonyesha walichokuwa wakiandikiana alasiri nzima. Wa kwanza: "Nadhani mimi ni wewe." Wa pili: "Na mimi ni wewe. Chakula vipi?" Wa kwanza: "Usiseme kitu mpaka nimalize kuku." Walijaribu kusema, wakaeleza, lakini huku walikuwa wanaombewa na kule wanajazwa midomo, basi wakaona waache. Kile kitambaa, akaeleza Mwisraeli, ndivyo wanawake wa Kiyahudi walioolewa na walioshika dini wanavyofunika nywele.

Tulikuwa bado tunajifuta machozi simu ya Mpalestina ilipolia. Akasikiliza, na uso ukabadilika. Kulikuwa na binti mdogo mwenye ugonjwa wa figo, wa kusafishwa damu kesho yake asubuhi hospitalini upande wa Israeli. Yule wa kumpokea kizuizini alfajiri gari lake limekufa. Asipopata dereva mwingine binti atarudishwa nyumbani, na mwili wake haukuwa na nafasi ya kungoja. Ilibidi Mwisraeli awapigie wenzake, mmoja mmoja, sasa hivi.

Na simu zote mbili zilikuwa karibu kuzimika, kwa sababu ya kuandikiana upuuzi mchana kutwa.

Pale shuleni ujumbe unapenya popote, lakini maongezi ya simu yanashika vizuri dirishani tu, upande wa Bi Mwalimu. Soketi inayofanya kazi ni moja, upande wangu. Waya wa chaja haukufika; kabati lilikuwa njiani. Tukatazamana. Mkuu wa shule, mtu wa hofu, akavua koti akasema, "Mnangoja nini?" Watu wa pande zote wakalibana lile kabati, wa bara wakisukuma na wa pwani wakisukuma, kumbe tunasukumana wenyewe kwa wenyewe na kabati limetulia katikati. Bi Mwalimu akapiga kelele, "Upande mmoya, nyinyi! Mumelaaniwa?" Likasogea. Vitabu vya fizikia vikamwangukia mwalimu wa fizikia, ikawa haki.

Mwisraeli akaketi chini ya dirisha, simu imening'inia kwenye waya, akaanza kupiga. Wa kwanza hakupokea. Mwingine yuko safarini. Mwingine mkewe amejifungua. Mwenzake alikaa kando yake sakafuni akimsomea namba. Katika kutafuta, kidole cha Mpalestina kilipita kwenye majina mengi bila kusimama, na Bi Mwalimu akauliza mbona hao hawapigii. Akajibiwa kwamba hao ni wa Gaza. Zamani walikuwa wakiwasafirisha wagonjwa wa Gaza pia. Tangu vita vianze njia imefungwa, na wengi wa hao namba zao hazijibu tena, lakini hawezi kuzifuta. Bi Mwalimu akamshika bega. Mimi nikasimama na trei ya vikombe mkononi, sijui niiweke wapi.

Jua lilikuwa linashuka. Mkuu wa shule, aliyesoma mambo, akamkumbusha Mwisraeli kwa upole kwamba Sabato yake inaingia. Yeye hakuinua kichwa. Aliyejibu alikuwa Mpalestina. "Kwa ajili ya uhai wa mtu anaruhusiwa. Ameshanieleza mara nyingi, na kila mara kwa kirefu."

"Hata kwetu," akasema Bi Mwalimu, "dharura ina hukumu yake."

Hatimaye akapokea mzee mmoja. Hatukujua neno hata moja la Kiebrania, lakini kila mtu chumbani alielewa kwamba mzee yule analalamika kuwa wanamkumbuka wa mwisho siku zote, kwamba mgongo unamwuma, kwamba alfajiri ni mapema mno, na kwamba atakwenda. Mwisraeli akainua kidole gumba chenye hina. Mwalimu wa hesabu akapiga tena kigelegele chake.

Kwenye chai, safari hii moja ya wote, sufuria kubwa, nikawauliza lile lililokuwa likinikereketa. "Kwa hiyo nyinyi wawili mlishakubaliana?"

"Kuhusu nini?" akauliza Mwisraeli.

"Kuhusu... hayo yote."

Wakatazamana kana kwamba nimewauliza kama wanaweza kuruka. "Hata vita vilianzia wapi hatujakubaliana," akasema Mpalestina. "Ana mpwa jeshini. Mimi nina binamu gerezani. Wiki moja kabla ya kuja huku alinikasirisha mpaka nikashuka garini nikaanza kutembea."

"Nikamfuata na gari polepole," akasema mwenzake, "dirisha wazi, nikiendelea kumjibu."

"Na alikuwa amekosea."

"Sikukosea!"

"Umeona?" akaniambia Mpalestina. "Lakini mtoto lazima afike asubuhi. Kwa hiyo nikarudi garini."

Nikamtazama Bi Mwalimu. Alikuwa ananitazama. Nilifungua mdomo, naye akainama akakusanya sinia zake, akazifunga kwa kitambaa, akaondoka na wenzake bila kuniaga. Nikarudi Wiyoni nikiwa na hasira naye, na mimi mwenyewe, na kwaya.

Jumamosi mchana nilikuwa nyumbani nafua nilipopigiwa hodi ambayo naijua, ya kugonga kwa kiganja kama mtu anayemfukuza kuku. Nikafungua na mapovu mikononi. Bi Mwalimu alisimama kizingitini, buibui limejaa vumbi hadi magotini. Alikuwa ametembea kutoka mjini katika jua lile, yeye ambaye ana mizigo ya safari ya kufunga.

"Mefika," akasema. "Yule mtoto mefika. Meniandikia sasa hivi yule wa Bethlehemu. Amesafishwa damu, ataka maandazi."

Nikaketi kwenye ndoo iliyofunikwa. Nikalia, nikacheka, nikapangusa uso kwa mkono wenye sabuni nikalia zaidi. Bi Mwalimu alingoja nimalize. Habari yake ilikuwa imekwisha. Angeweza kugeuka aende, na Jumatatu ingefika. Niliona mguu wake mmoja umekwisha kugeuka.

"Bado nasema uliniudhi," nikamwambia. Ndiyo maneno niliyoyapata. "Ulisema siwajali watoto. Ulisema mbele ya watu."

Mguu ukarudi. "Na we ulisema nini? Nalikuwa nalia, ukanambia nianze na mateka!"

"Kwani mateka si watu?"

"Ni watu! Nani mesema si watu? Na hawa maelfu?"

"Basi ingia useme vizuri, usinipigie kelele mlangoni, majirani watadhani nina deni!"

Akavua viatu akaingia. Tukagombana. Tuligombana juu ya nani alianza na nani anaongeza, juu ya mchungaji wangu na juu ya shehe wake, juu ya ardhi, na kuta, na makombora, na kama dua inafika upesi ikiombwa kwa hasira. Nilimwambia mambo ambayo sijayabadilisha mpaka leo. Akaniambia mambo ambayo yaliniuma mpaka nikanywa maji. Mara mbili alisimama aende zake na mara mbili nikamfuata hadi mlangoni nikiendelea kumjibu, akarudi kunijibu. Sijui lini katikati ya hayo alichukua kisu akaanza kunimenyea viazi, wala lini niligundua kwamba nina furaha kubwa kiasi cha kizunguzungu.

Adhana ya alasiri ikatolewa. Akainua mkono kunyamazisha, akatawadha kwa maji yangu safi ya kusuuzia nguo, akauliza kibla kiko upande gani chumbani kwangu, nami sikujua, akakitafuta mwenyewe. Nilisimama jikoni kimya, nikijipangia jibu. Aliswali bila haraka, akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto, na kabla hajainuka kwenye leso yangu aliyoitandika akaendelea na sentensi palepale alipoiachia.